Shaba, Joto na Kasi: Historia ya Kompyuta ya Mezani Ikitazamwa Kutoka Kampemba

Anayeunganisha kompyuta ya mezani Kampemba hana budi kuanza na umeme. Prosesa, kadi ya picha na kumbukumbu ya RAM huja baadaye, maana hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachovumilia kuranti inayoshuka jioni, ikakatika bila taarifa, kisha ikarudi kwa kishindo usiku wa manane. Kampemba ni mojawapo ya komini saba za Lubumbashi. Iko mashariki ya katikati ya mji, njia ya kwenda Ruashi, na ndani yake mna mtaa wa Industriel wenye viwanda na maghala pamoja na mitaa ya makazi kama Bel-Air. Kila anayetaka kuikimbiza prosesa kupita kasi iliyoandikwa na mtengenezaji hukabiliwa na maadui wawili, kuranti na joto. Wawili hao ndio waliousumbua mji huu tangu tanuri lake la kwanza lilipowashwa, na metali inayowatuliza wote wawili ndiyo iliyosababisha mji kujengwa.

Shaba ya Katanga, eneo lenye mji huu, ilifuliwa karne nyingi kabla ya kuwapo Lubumbashi. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyofukuliwa na Jacques Nenquin na Jean Hiernaux mwaka 1957 na 1958, yalitoa mapambo ya shaba na misalaba midogo iliyokuja kutumika kama fedha. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi. Malakiti ya kijani iliokotwa au kuchimbwa juu juu, tanuri likajengwa kwa udongo wa kichuguu, mkaa ukachochewa kwa mivukuto, na shaba iliyoyeyuka ikamiminwa katika mchanga uliochorwa umbo la msalaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne alieleza kazi hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1926 juu ya watu aliowaita walaji wa shaba wa Katanga.

Katika karne ya 19 wakaja Wayeke, chini ya Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi aliyeweka makao yake Bunkeya. Mafundi wao waliongeza ufundi ambao msomaji wa habari za kompyuta anapaswa kuukumbuka: walivuta shaba kuwa nyaya nyembamba. Nyaya hizo zilizungushwa kuwa bangili na kusafirishwa hadi mbali na Katanga. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, msafara wa Stairs ulipofika kuichukua nchi yake kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, na biashara ya shaba ikabadilisha mikono.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli kutoka kusini ilifika mahali palipoitwa Élisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha mawe ya mgodi wa Étoile, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku. Mji ulipangwa kwa kufuata reli na tanuri. Viwanda, karakana na maghala vilikaa karibu na njia ya garimoshi, na ndiyo maana hata leo mtaa wa Industriel uko pale ulipo.

Shaba ya tanuri ilikuwa na kasoro moja: haikuwa safi vya kutosha kwa kazi ya umeme. Chembe kidogo tu za metali nyingine ndani ya shaba huongeza ukinzani wake, na waya wenye ukinzani hula umeme na kuutoa kama joto. Dawa yake ni kuisafisha kwa elektrolisisi. Shaba huyeyushwa katika tindikali, kuranti ikapitishwa, na metali safi ikajijenga juu ya bamba liitwalo kathodi. Kiwanda cha Shituru huko Jadotville, Likasi ya leo, kilianza kazi hiyo mwaka 1929. Kwa kuwa elektrolisisi hunywa umeme mwingi, bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira likafuata mwaka 1930, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 vituo vya Koni, Nzilo na Nseke vilikuwa vimeongezwa. Umeme wa Katanga ulijengwa hivyo kwa ajili ya viwanda vya shaba kwanza, nyumba za watu baadaye. Mpangilio huo haujafutika kabisa, na athari yake inaonekana katika kila nyumba ya Bel-Air yenye betri chini ya meza.

Shaba haikuwa peke yake. Kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, kwenye mpaka wa Zambia, mgodi wa Prince Léopold huko Kipushi ulitoa zinki na shaba, na pamoja nazo madini yaliyowashangaza wanajiolojia. Mwaka 1948 yalielezwa madini mapya kutoka mgodi huo, yakapewa jina la renieriti kwa heshima ya mwanajiolojia wa Ubelgiji Armand Renier. Ndani yake mlikuwa na gerimani. Miezi michache tu kabla yake, Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain wa maabara ya Bell nchini Marekani walikuwa wameonyesha transista ya kwanza, nayo iliundwa kwa gerimani hiyo hiyo. Kwa sadfa hiyo Kipushi ikawa, pamoja na Tsumeb ya Namibia, mojawapo ya vyanzo vikubwa vya gerimani duniani katika miaka ya 1950 na 1960. Makinikia yalisafirishwa Ubelgiji kusafishwa, na kutoka huko yakaingia katika soko la viwanda vya transista.

Kompyuta za kizazi kile zilikuwa za gerimani. IBM 1401 ya mwaka 1959, iliyouzwa zaidi ya nakala 10,000 na kuingia katika mabenki, mashirika ya reli na ofisi za serikali duniani kote, ilijaa kadi ndogo zenye transista za gerimani. Lakini gerimani ina udhaifu: ikipata joto huanza kuvujisha kuranti, na transista hupoteza uwezo wa kufunga na kufungua kwa uhakika. Seymour Cray alipotaka kujenga mashine ya kasi kuliko zote, CDC 6600 ya mwaka 1964, aliiacha gerimani akachukua silikoni, akaipozesha mashine nzima kwa gesi ya friji, na kufikia megahezi 10. Kuanzia hapo kila hatua ya kasi imelipiwa kwa namna mpya ya kuondoa joto. Kipushi yenyewe ilifungwa mwaka 1993.

Kuikimbiza prosesa kama kazi ya mtu wa kawaida kulianza na kompyuta za IBM za mezani. IBM PC ya mwaka 1981 ilitembea kwa megahezi 4.77. Namba hiyo ya ajabu ilitokana na kioo cha kwazi cha megahezi 14.318 kilichochaguliwa ili kiendane na televisheni za rangi za Marekani, kisha kikagawanywa kwa tatu. Mrithi wake, PC AT ya mwaka 1984, alikuwa na kioo cha megahezi 12 kinachompa prosesa megahezi 6. Kioo chenyewe kilichomekwa tu. Watu wakagundua kwamba wakikitoa na kuweka cha megahezi 16, gharama yake ikiwa dola chache, mashine ingetembea kwa megahezi 8 bila kulalamika. IBM haikufurahi. Toleo lililofuata la programu ya kuwashia mashine lilipima kasi na kugoma kuendelea likikuta imezidishwa. Mvutano huo kati ya mtengenezaji anayefunga na mnunuzi anayefungua haujaisha mpaka leo, na yeyote anayenunua prosesa iliyotumika katika duka la Lubumbashi anaununua pia, apende asipende.

Mwaka wa neema kwa wapenzi wa kazi hii ulikuwa 1998. Tarehe 24 Agosti Intel ilitoa siku moja prosesa kadhaa, zikiwamo Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669, na Celeron 300A ya megahezi 300 kwa dola 149. Celeron ilikuwa imefungwa kizidisho cha 4.5 juu ya njia ya data ya megahezi 66. Ikihamishiwa kwenye bodi mama inayokubali njia ya megahezi 100, kwa mfano Abit BH6 iliyoruhusu mabadiliko hayo kufanywa kwenye skrini bila kugusa swichi ndogo za bodi, hesabu ilikuwa rahisi: 100 mara 4.5 ni 450. Nyingi zilivumilia bila hata kuongezewa voltiji, na katika kazi nyingi zilikaribia au kuipita ile ya dola 669. Miaka miwili baadaye wenye Athlon na Duron za AMD walifungua vizidisho vyao kwa penseli, wakichora grafaiti juu ya vidaraja vidogo vilivyokatwa na kiwanda. Pengine hakuna wakati mwingine katika historia ya ufundi huu ambapo kifaa cha mwanafunzi wa shule ya msingi kilimkosesha usingizi mkurugenzi wa kampuni kubwa.

Mwezi huo huo wa Agosti 1998 vita vipya vilikuwa vimeanza mashariki ya Kongo, na Lubumbashi ilikuwa na shida nyingine kabisa. Gécamines, shirika lililorithi mali ya Union Minière baada ya kutaifishwa tarehe 1 Januari 1967, lilikuwa limetoa tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uporaji wa 1991 ukafuata, kisha kufukuzwa kwa Wakasai. Kufikia 1994 uzalishaji ulishuka hadi tani 30,000 hivi. Katika hali hiyo, Septemba 1997, IBM ilitangaza kwamba imefaulu kubadilisha nyaya za ndani ya chipu kutoka alumini kwenda shaba. Tangazo hilo lilikuwa na uzito kuliko lilivyosikika. Ukinzani wa shaba ni theluthi mbili hivi za ule wa alumini, hivyo nyaya zikaweza kuwa nyembamba zaidi na ishara zikapita haraka bila kuichemsha chipu. Dunia iligundua kazi mpya ya shaba katika mwaka ambao nchi yenye shaba ilikuwa ikitoa chini ya moja ya kumi ya ilichotoa miaka 11 kabla. Mwaka 2003 na 2004, chini ya mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Baadhi ya watoto wa nyumba hizo walikuwa kizazi cha kwanza cha Lubumbashi kukua na kompyuta, wakizijua katika sibakafe, kwa malipo ya saa.

Nje ya chipu, shaba ilipata nafasi yake kwa sababu ya joto. Prosesa za 486 za mwanzo zilikaa uchi au na kipande kidogo cha alumini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hilo halikuwezekana tena. Kanuni inayotawala ni fupi: joto la chipu hukua sambamba na kasi ya saa, na hukua kwa mraba wa voltiji. Anayeongeza kasi kwa asilimia 10 na voltiji kwa asilimia 10 ameongeza joto kwa asilimia 33 hivi. Shaba hupitisha joto kwa wati 400 hivi kwa mita kwa kelvini, alumini 237. Kampuni ya Zalman ya Korea ilitoa mwaka 2003 kipozeo cha CNPS7000 kwa namna mbili: kimoja cha shaba tupu, gramu 773, na kingine cha shaba kilichochanganywa na mapezi ya alumini, gramu 445. Cha shaba kilipoza vizuri zaidi, lakini uzito wake ulipita kiasi ambacho Intel na AMD zilipendekeza bodi mama ibebe. Mashine iliyosafirishwa bila kukivua iliweza kufika na bodi iliyopasuka.

Ufumbuzi uliotawala baadaye ulikuwa bomba la joto, yaani mrija wa shaba uliofungwa pande zote, ndani yake maji kidogo katika ombwe. Maji huchemka upande wa prosesa kwa joto dogo, mvuke hukimbilia upande wa mapezi, hupoa na kurudi kuwa maji. Aliyeunda bomba hilo mwaka 1963 ni George Grover wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani, maabara iliyoanzishwa kutengeneza bomu la atomu, ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Kila kipozeo cha kisasa chenye mirija minne au sita ya rangi ya shaba kina historia hiyo ndani yake.

Kwa mtu wa Kampemba, uteuzi wa kipozeo una hesabu mbili zaidi ambazo maelezo ya kwenye sanduku hayazitaji. Ya kwanza ni mwinuko. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Feni ile ile kwa mzunguko ule ule huondoa joto kidogo kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Afueni ni kwamba hewa yenyewe ni baridi kuliko ya pwani kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hesabu ya pili ni majira. Juni na Julai usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na kasi iliyojaribiwa wakati huo huonekana salama kabisa. Oktoba, kabla mvua hazijatulia, mchana hupita nyuzi 30, na mashine iliyokimbia vizuri mwezi wa saba huanza kuzima yenyewe katikati ya mchezo. Mwenye busara hujaribu Oktoba. Hayo ni kabla ya kutaja vumbi jekundu la kiangazi, linaloziba mapezi ya kipozeo katika wiki chache. Kesi yenye chujio mbele, na feni za kuingiza hewa zikiwa nyingi kuliko za kuitoa, ina faida zaidi Kampemba kuliko kesi yenye vioo na taa.

Umeme una historia yake ndefu. Mwaka 1982 laini ya Inga-Shaba ilianza kazi: kilomita 1,700 za umeme wa mkondo mnyoofu kutoka mabwawa ya Inga kwenye mto Kongo hadi Kolwezi, moja ya laini ndefu kuliko zote duniani wakati huo. Ililengwa kulisha migodi. Ilipozinduliwa bei ya shaba ilikuwa imeporomoka, na miaka ya uchakavu ikafuata. Migodi ilipofufuka baada ya sheria ya madini ya 2002, mahitaji yake yakapanda upya kuliko uwezo wa vituo, na delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ikawa sehemu ya ratiba ya mji. Ndiyo maana watu wengi wa Lubumbashi wanaohitaji kompyuta huchagua ya kupakatwa, yenye betri yake, na anayechagua ya mezani huwa na sababu: michezo, kazi za video, michoro ya uhandisi, au utundu wenyewe wa kuikimbiza.

Mtu huyo hutumia fedha za kwanza kwenye pawa saplai. Pawa saplai nzuri hukubali voltiji kuanzia 100 hadi 240 bila kubadilishwa swichi, hivyo haizimi kuranti ikishuka kidogo jioni. Ile ya bei chee yenye swichi nyekundu nyuma hufa siku mtu atakapoigusa kimakosa, au siku voltiji itakaporuka baada ya delestaji. Alama ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, huonyesha kwamba pawa saplai haipotezi zaidi ya sehemu ya tano ya umeme inaouvuta, jambo lenye maana kwa anayelisha mashine yake kwa jenereta au betri. Uzito mkononi ni dalili nzuri kuliko wati zilizoandikwa kwenye karatasi ya pembeni, kwa sababu koili za shaba na mapezi ya kupoza havidanganyi mzani. Baada ya hapo huja stabilizateri na UPS. Mtu anayeongeza kasi ya prosesa bila UPS anacheza na diski yake, kwa kuwa kuranti ikikatika mashine ikiwa inaandika, faili huharibika hata kama chipu haikuumia.

Bodi mama ni ya tatu. Karibu na prosesa kuna safu ya sakiti zinazoshusha voltiji 12 hadi voltiji moja na kitu inayohitajiwa na chipu, na hapo ndipo mashine iliyokimbizwa huumia kwanza. Mwaka 2008 Gigabyte ilianza kutangaza bodi zenye tabaka za shaba za unene maradufu, mikroni 70 badala ya 35, na wauzaji wengi wakafuata. Tangazo hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Shaba nene hutawanya joto la sakiti hizo kwenye bodi nzima. Bodi yenye sakiti nne zilizo uchi haifai kukimbizwa hata ikiwa menyu yake inaruhusu.

Prosesa huja hapo, na hapa ndipo kufuli la mtengenezaji linapotokea tena. Tangu kizazi cha Sandy Bridge cha Januari 2011, Intel iliunganisha saa zote za mashine na chanzo kimoja, ikaacha kizidisho wazi kwenye prosesa zenye herufi K tu, na kwa bodi za daraja la juu tu. AMD ilichukua njia nyingine mwaka 2017: Ryzen zote za mezani za mwaka huo zilikuwa wazi, na bodi za daraja la kati kama B350 ziliruhusu kuzikimbiza, ilhali A320 haikuruhusu. Tofauti hiyo ina uzito Lubumbashi kuliko Brussels, kwa sababu bidhaa nyingi hufika zikiwa zimetumika. Kompyuta za ofisi zilizostaafu Ulaya au Ghuba, Dell OptiPlex na HP kwa wingi, huingia kupitia bandari za Dar es Salaam na Durban, zikapanda malori hadi Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Ni mashine imara na bei yake ni nafuu, lakini prosesa zao karibu zote zimefungwa, menyu yao haina sehemu ya kasi, na baadhi ya pawa saplai zao zina umbo na soketi zisizokubali za kawaida. Anayetaka kukimbiza mashine asianze na OptiPlex. Aichukue kama chanzo cha RAM, diski na prosesa ya kuanzia, kisha anunue bodi, kipozeo na pawa saplai vya kwake.

Namna ya kuikimbiza haijabadilika sana tangu siku za Celeron. Kasi hupandishwa kidogo kidogo, na baada ya kila hatua programu nzito huachwa ikitembea kwa saa moja au zaidi huku joto likitazamwa. Mashine ikiganda, voltiji huongezwa kwa sehemu za mia za volti. Joto likikaribia nyuzi 90, hatua ya mwisho hurudishwa. Faida yenyewe imepungua, maana prosesa za leo hujikimbiza zenyewe hadi ukingoni mwa joto zinaloruhusiwa. Rekodi za dunia zimekuwa mchezo wa pekee: mwaka 2011 AMD FX ilifika gigahezi 8.4 kwa heliamu kimiminika, na mwishoni mwa 2022 Core i9-13900K ikavuka 9, zote zikikaa chini ya vikombe vya metali vilivyojazwa baridi kali. Katika nyumba ya kawaida, kipozeo kizuri kinampa mtu kasi zaidi kuliko mchana mzima wa kuchezea menyu.

Metali nyingine za Katanga na jirani zake zimetawanyika katika mashine hiyo hiyo. Bati la Manono, kaskazini mwa Katanga ya zamani, ni la jamii ya metali inayounganisha kila mguu wa kapasita na bodi. Tantali ya Kivu na Tanganyika imo katika kapasita ndogo za kadi za picha, na kupanda kwa bei yake mwaka 2000 kuliacha majeraha ambayo mashariki ya Kongo inayakumbuka. Kobalti imo katika tabaka za sumaku za diski ngumu, na katika chipu za nanomita 10 Intel iliitumia badala ya shaba kwenye nyaya za chini kabisa, kwa kuwa katika wembamba ule shaba huanza kuhama kutoka mahali pake kuranti inapoisukuma. Kongo hutoa kiasi cha asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wake ili kuinua bei, na Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya mgao.

Mabaki ya tanuri la 1911 na la miongo iliyofuata bado yamesimama kama mlima mweusi kando ya bomba la moshi lenye zaidi ya mita 150, alama inayoonekana kutoka sehemu kubwa ya mji. Mawe ya Kipushi pia yalipitia tanuri hilo, hivyo sehemu ya gerimani yao ilibaki ndani ya mlima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi ya kuuyeyusha upya ilianza, aloi ya kobalti na shaba ikapelekwa Kokkola, Finland, huku ubishi ukizuka juu ya nani anayelipwa kwa gerimani iliyokuwa ndani yake. Sasa mlima uko mikononi mwa STL, kampuni ya Gécamines, yenye kiwanda chake cha kusafisha metali kwa tindikali. Kipushi ilianza tena kutoa zinki katikati ya 2024, na mwaka huo huo makinikia ya kwanza ya gerimani ya STL yalisafirishwa kwenda kwa Umicore, mrithi wa Union Minière, nchini Ubelgiji. Gerimani hiyo leo hutumika zaidi katika nyuzi za kioo za mawasiliano na kamera za kuona gizani. Kompyuta zilianza kuiacha tangu siku za CDC 6600.